Shangazi, mwanangu hataki kutoka jikoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Langoni, Lamu. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Mimi napika mahamri ya kuuza asubuhi, na nakaa na mavyaa wangu. Shida yangu ni huyu mdogo, wa kiume, ana miaka miwili na miezi minne. Akisikia tu nakuna nazi, huyo kashafika. Anataka kukanda, anataka kukoroga, anataka fagio nililoshika mimi, jingine hataki. Juzi amevunja chupa ya chai akimpelekea bibi yake. Nikimtoa nje analia mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mavyaa anasema namlea kama mtoto wa kike, na iko siku nitamuunguza. Jirani naye ananiambia mtoto akililia wembe mpe. Nimeishia kumpa simu aangalie katuni ili nimalize kazi. Nifanyeje? Na nikimpa pipi kila akinisaidia vizuri, atatulia?*
*Mama wa Langoni*

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye fagio nimecheka peke yangu. Hata ukimnunulia kifagio chake cha chelewa, kizuri, cha kimo chake, atakitupa kule aje aling'ang'anie lako. Kazi anayoitaka ni ile unayoifanya wewe, saa ile ile unayoifanya.

Nianze kwa kukuondoa wasiwasi: mtoto wako si mtukutu. Mwaka 2006 watafiti wawili, Felix Warneken na Michael Tomasello, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Ujerumani kwa watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamponyoka, ananyoosha mkono hakifikii. Au amebeba vitu mikono yote miwili, anajigonga kwenye kabati lililofungwa. Hakuna aliyemwomba mtoto chochote, wala hakuna aliyemwahidi kitu, na bado wengi walijinyanyua wakaokota kibanio, wakafungua mlango wa kabati. Wako ana zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo ameshapevuka katika kazi hiyo! Ile chupa ya chai ilivunjika katika safari ya kumhudumia bibi yake. Makosa yalikuwa ya aliyeiacha mahali anapofikia.

Sasa nikwambie ukweli ambao jirani hakukwambia. Msaada wa mtoto wa umri huu ni hasara. Kazi ya dakika kumi itachukua nusu saa, na mwisho utafagia tena. Lakini hamu hii aliyonayo haimngoji mpaka awe na nguvu na akili ya kazi. Ukimfukuza kila siku kwa kuwa hawezi, akifika miaka minane na anaweza, utamwita umechoka kumwita, naye yuko kitandani anakusikia. Mimi ningekubali hasara sasa.

Ila si hasara ya moto. Hapo mavyaa wako ana haki, na ile methali ya wembe iache kwa vijana wakaidi. Mtoto wa miaka miwili akililia wembe haupati. Vitabu vya ng'ambo huwaambia akina mama wageuzie mpini wa sufuria ukutani ili mtoto asiuvute. Sufuria zetu hazina mpini, na jiko la makaa liko sakafuni, sawasawa na kifua chake. Yeye hahitaji kuvuta kitu, akijikwaa tu yamekwisha. Hata meko ya gesi wengi wetu tunaiweka chini tukae kwenye kibao tupike. Basi chukua chaki, chora mstari sakafuni mita moja kuzunguka jiko, umwambie huku ni kwa mama. Atauvuka. Mrudishe bila kelele, mara ishirini ikibidi, na akizidi, kazi ya jikoni imekwisha kwa siku hiyo. Karai la mafuta likiwa motoni, yeye asiwe chumba hicho kabisa, mstari au hakuna mstari.

Halafu angalia leso yako. Watoto hutushika leso tukiwa tumebeba chungu cha moto, na hapo mnaweza kuungua wote, mama na mwana. Ifunge vizuri kiunoni, isiburure. Na kama nyumba yenu ni ya zile za mawe ambazo jiko liko juu darini, weka kizuizi kwenye ngazi, maana zile ngazi hata sisi wazima tunashuka kwa kuomba Mungu. Birika la kuhifadhia maji na ndoo za maji zifunikwe: maji ya sentimita tano tu yanatosha kumzamisha mtoto. Mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda hata siku moja.

Akiungua (Mungu apishe mbali), mwagilia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mfereji ukiwa hauna maji, mwaga polepole kwa kata, ujaze tena. Usitie barafu, wala dawa ya meno, wala yai, hata mavyaa akisisitiza. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja chake, au kikiwa usoni, mkononi au sehemu za siri, mpeleke hospitali bila kungoja kesho.

Haya, kazi gani basi? Wewe umeniuliza nifanyeje na mtoto, lakini mimi naiona nusu ya jibu imekaa hapo hapo nyumbani kwako, inalalamika. Mpe mavyaa huyu mwanafunzi.

Tandika mkeka mbali na jiko, mweke bibi na fungu la mchicha, na mtoto ubavuni. Bibi ashike shina, mtoto anyofoe majani. Mara ya kwanza atanyofoa jani moja, aligeuze, aliangalie, alitie kwenye bakuli, kisha alitoe tena aliangalie upande wa pili. Mwache. Bibi hana haraka ya mahamri, na ndiyo sababu yeye ni mwalimu bora kuliko wewe. Siku nyingine bibi apepete mchele kwenye uteo, na mtoto aonyeshe kwa kidole chuya zilipo, bibi azitoe mwenyewe. Kunde na mbaazi kavu ngoja kwanza, maana watoto wa umri huu wana mapenzi ya ajabu kati ya punje na pua. Karanga nzima ndiyo kabisa, anaweza kupaliwa.

Wewe mwenyewe mpe kazi za kubeba na za maji. Akuletee vitunguu kimoja kimoja kutoka kapuni. Atie nguo chafu kwenye beseni. Akupe vibanio ukianika. Aoshe vikombe vya plastiki na vijiko vya mbao, avuliwe nguo kwanza, kwa sababu utakuwa umemuogesha bila kukusudia. Akimaliza, maji yamwagwe palepale. Nazi akuletee kifuu kitupu, lakini kwenye mbuzi asikalie. Lile jino halijui mtoto. Ukishakuna, mpe chicha kidogo akamue kwa vidole vyake kwenye kifumbu, uone uso wake maji meupe yakitoka. Tui hilo ni lake, usilitie kwenye chakula cha wageni.

Na mahamri ya biashara? Hapana. Wateja wamelipa, hawakununua unga wenye makamasi. Kazi ya kuuza ifanye kabla hajaamka, au akiwa na bibi yake. Ila unapokanda, mkatie kidonge kidogo, umpe kijiti chake na kipande cha kibao. Kidonge kitakuwa cheusi. Akikuomba umkaangie, mkaangie peke yake mwisho wa mafuta, naye akiwa nje, kisha akile. Atakila chote, amini nakwambia, hata yule asiyekula kitu.

Hili la kumfanya mtoto wa kike linanishangaza likitoka Lamu, mji wa mabaharia. Kwani ndani ya jahazi nani anapika? Hakuna mama mle. Anapika mwanamume, tena chombo kikiyumba. Harusini biriani ya watu mia tano inakorogwa na nani, kama si wanaume waliojifunga vikoi? Na mishkaki ya jioni kule mbele ya bahari, umeona mwanamke anapuliza makaa? Ukiona mavyaa anashikilia, usibishane naye kwa vitabu vya watafiti, mkumbushe kwa upole hadithi iliyopokewa na Bukhari: Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Umkumbushe wakati mmekaa vizuri, si mbele ya wifi zako. Na kama mume wako Mombasa anajipikia, mwambie akija mwisho wa mwezi akaange samaki mbele ya mamake. Maneno yako hayatahitajika tena.

Simu sitakugombeza sana, najua mafuta yanaungua na mikono ina unga. Iwe ya dharura tu, isiwe ndiyo yaya.

Kuhusu pipi, la. Hao watafiti wawili walirudi na jaribio jingine mwaka 2008, kwa watoto wa miezi 20. Waliozawadiwa kila waliposaidia, zawadi zilipokoma walipunguza kusaidia kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Huyu wako anakuhudumia bure na kwa machozi juu, wewe unataka kumwanzishia mshahara! Mwambie alichofanya, basi: "Umeleta vitunguu vyote." Chakula kikipakuliwa, mwambie bibi yake mbele yake kwamba mchicha huu mmeuchambua nyinyi wawili. Siku akikataa kuleta hata kijiko, usimlazimishe wala usimnunie, kesho atakuja mwenyewe kabla hujamwita.

Niandikie tena Ramadhani ikikaribia, kwa sababu saa ya kufuturisha, mkiwa na kaimati, sambusa na viazi karai kwenye mafuta kwa pamoja na kila mtu ana njaa, haya niliyokwambia hayatoshi. Saa hiyo mtafutie mtu wa kumtoa akatembee.