Mbona ngumi zote zinalia sawa?

SWALI: Shikamoo mzee. Nikiangalia filamu za zamani za kung fu za Hong Kong, kila ngumi inalia vilevile, midomo haiendani na maneno, na sauti inakwaruza. Ni kopi mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mengi ya hayo yalikuwemo tangu mwanzo. Miaka ya 1960 na 1970, studio za Hong Kong kwa kawaida zilipiga picha bila kurekodi sauti. Ilikuwa haraka na nafuu: mwongozaji alitoa maelekezo kwa sauti huku kamera ikizunguka, na msemaji wa Kikantoni aliigiza na wa Kimandarini bila tabu. Baadaye watu wengine kabisa waliingia studio wakatia maneno, wakifuatisha midomo kwenye picha.

Ngumi nazo zilichotwa kwenye akiba ya sauti, zikarudiwa filamu hadi filamu. Sikiliza vizuri: kwanza “fyuu”, mkono ukikata hewa, halafu “pa!” Ngumi ya kweli haina mlio huo, hutoa kishindo kizito, kifupi. Mimi ile “fyuu” naipenda mno, maana ndiyo inayoonyesha kasi ya mpiganaji.

Mkwaruzo ni jambo lingine. Sauti ilichapwa kama mstari mwembamba pembeni mwa picha, ikasomwa kwa mwanga, hivyo vumbi na michubuko ya mkanda hugeuka kelele. Hapo kopi iliyochakaa ina lawama yake.

Ukinunua diski, chagua yenye sauti asilia ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu. Zile zilizobandikwa milio mipya ziache dukani.