Mhandisi Mtanzania akipata ajira Uganda: aombe kibali gani, na aanze kazi lini?

SWALI: Mimi ni mhandisi ujenzi, Mtanzania, naishi Mwanza, na nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya kwetu. Kampuni ya ukandarasi ya Kampala imenipa mkataba wa miaka miwili, kituo cha kazi Hoima. Afisa rasilimali watu wao anasema nivuke mpaka kama mgeni, nianze kazi, kibali kitafuata, maana sote ni Afrika Mashariki. Ni sahihi? Mke wangu ni muuguzi, naye anaweza kufanya kazi huko? Na tukikaa muda mrefu, ipo njia ya kupata ukaazi wa kudumu?

JIBU: Hongera kwa mkataba, ndugu mhandisi. Kuvuka, vuka. Kuanza kazi bila karatasi, usianze, hata kama wenzako kazini watakwambia wao walianza hivyo hivyo. Ukikutwa kazini na pasi ya mgeni, kosa ni lako na la mwajiri wako pia. Tofauti ni kwamba yeye anabaki nyumbani kwake, wewe ndiye unayeweza kurudishwa mpakani Mutukula.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 1, 2010, imekupa haki ya kuajiriwa Uganda, ila haikufuta kibali cha kazi. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Mamlaka nayo imepewa siku 30 kukitoa. Kibali cha kwanza hakizidi miaka miwili, na kinaweza kuongezwa muda. Kwa hiyo saa yako ilianza kuhesabu siku mlipotia saini, si siku utakayofika Kampala. Mkumbushe afisa wako hilo leo, kwa maandishi.

Kampuni ikikuhitaji haraka kuliko kibali kinavyoweza kutoka, iombe pasi maalumu. Hiyo ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi kwa muda mfupi huku kibali kikishughulikiwa. Pasi ya mgeni haina ruhusa hiyo, iwe ya wiki moja au ya miezi sita.

Kibali chenyewe kinaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Angalia sana kundi la kibali. Wewe ni mwajiriwa, kwa hiyo kundi lako ni G2. Wahandisi wengi wanavutwa na kundi F kwa kuwa limeandikwa la wanataaluma, lakini hilo ni la mtu anayefanya taaluma yake kwa kujitegemea, mwenye ofisi yake na wateja wake. Mkataba wa ajira ukiambatishwa kwenye maombi ya F, faili linajipinga lenyewe.

Utahitaji pasipoti, mkataba, vyeti vya taaluma, cheti cha tabia njema kutoka polisi ya Tanzania, barua ya mwajiri na nyaraka za usajili na kodi za kampuni. Vyote hivyo vinapatikana. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, shahada ina mawili, cheti cha bodi kimetanguliza jina la ukoo. Kwako ni mtu mmoja, lakini kwa afisa asiyekujua hao ni watu watatu. Kama hali ndiyo hiyo, apa kiapo cha majina kwa wakili huko huko Mwanza, ukiambatishe tangu mwanzo. Cheo nacho kifanane kila mahali: mkataba ukisema mhandisi wa eneo la kazi, barua ya mwajiri isikuite mshauri wa miradi.

Kuhusu malipo, Kenya, Rwanda na Uganda zimefutiana ada za vibali vya kazi. Mtanzania atazame kiasi kinachoonekana kwenye mfumo siku ya kuomba, na alipe kwa namba ya malipo inayotolewa pale pale, kupitia benki. Mtu yeyote akitaka umpe fedha taslimu ili akuharakishie, achana naye. Nimeona familia zikiuza vitu kulipia vibali ambavyo havikuwahi kuombwa, na inauma kwa sababu namba ya malipo ingewaonyesha ukweli mapema.

Sasa jambo ambalo afisa wako hakuligusa kabisa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kibali cha Uhamiaji kinakuruhusu kuajiriwa, hakikufanyi mhandisi mbele ya sheria ya Uganda. Kwa hilo unahitaji Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Uganda. Bahati nzuri, mwaka 2012 bodi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana. Lakini yanambeba aliyesajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Kama usajili wako bado ni wa mhandisi mhitimu, hayakusaidii, na utalazimika kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa hapa Uganda. Chukua kwa bodi yako barua inayothibitisha kwamba usajili wako uko hai na huna shauri la nidhamu, kisha omba usajili wa Uganda sambamba na kibali. Usisubiri kimoja kiishe ndipo uanze kingine.

Mpakani njoo na pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Wakenya, Wanyarwanda na Waganda wanapotembeleana, Tanzania haimo kwenye mpango huo. Afisa akiuliza umekuja kufanya nini, mwambie umekuja kukamilisha taratibu za kibali, mwonyeshe mkataba. Usiseme utalii. Jibu hilo linabaki kwenye kumbukumbu zao, na baadaye litawekwa kando ya maombi yako.

Mkeo anaweza kuja nawe kwa pasi ya mtegemezi, na Itifaki inamruhusu kuajiriwa. Hata hivyo pasi hiyo peke yake si ruhusa ya kazi: akipata ajira ataomba kibali chake, na kabla ya kugusa mgonjwa asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda. Makubaliano ya wahandisi hayamhusu, kwa hiyo aanze mapema kukusanya vyeti vyake.

Ukaazi wa kudumu Itifaki imeuachia kila nchi. Hapa, hati ya ukaazi inamtazama aliyeishi kihalali miaka 10 na akachangia maendeleo ya nchi, na Katiba inaruhusu kuomba uraia kwa kusajiliwa baada ya miaka 10 vilevile. Tunza kila kibali na kila pasi, hata iliyokwisha muda, maana pengo la miezi michache bila kibali linaweza kukuharibia hesabu. Ila fikiri vizuri kabla ya kuomba uraia: Uganda inaruhusu uraia pacha, Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Ukiupata huu, ule wa nyumbani unaupoteza.

Kibali chako kitakuwa cha mwajiri huyo tu. Ukihamia kampuni nyingine, hata iwe ng'ambo ya barabara hapo Hoima, unaomba kipya. Kwa sababu hiyo, rudini kwenye mkataba kabla hujasafiri. Iandikwe kwamba gharama za kibali na za usajili wa bodi ni za kampuni, kwamba mshahara unaanza pasi maalumu inapotoka, na kwamba michango ya NSSF, asilimia 5 kutoka kwako na 10 kutoka kwao, inapelekwa tangu mwezi wa kwanza.