Civil War: kushindwa kwa Captain sicho kilichoniuma

Mleta mada ameuliza kwa nini waliosoma Civil War ya Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, yaani hadithi yenyewe ya vitabuni yenye matoleo saba na si filamu ya 2016, mpaka leo ukiwagusia mwisho wake wanakunja uso. Mdau mmoja hapo juu akamjibu kwamba hao ni mashabiki wa shujaa Captain America wasiokubali kushindwa kwake. Mimi niliisoma toleo kwa toleo wakati inatoka, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu. Nilikuwa upande wa Captain, hilo silifichi. Lakini hata angeshinda kwa namna ile ile, ningekasirika vile vile.

Mwaka 2006 nilikuwa nasoma Columbus, Ohio. Marekani katuni mpya hutoka Jumatano, na duka lilikuwa kwenye njia ya basi langu la kurudi nyumbani. Nilikuwa nakaa na Msomali aliyekulia Mombasa. Kiswahili chake kitamu kuliko changu mimi mtu wa Tanga, ila pasipoti yake ilikuwa ya Somalia. Mwanzoni mwa 2003, kabla sijafika kule, aliitwa kwenda kujiandikisha katika ule mpango wa serikali ulioanza 2002 kwa wanaume wageni kutoka nchi 25, karibu zote za Waislamu. Alama za vidole, picha, maswali. Alinisimulia mara moja tu, usiku tukipika. Siku ile alivaa suti yake ya pekee na kubeba karatasi za matokeo yake ya masomo, akiamini zitamsaidia. Hakuna aliyeziomba. Alikuwa bado anakumbuka bahasha ilivyolowa jasho la mkono.

Nalieleza hili kwa sababu Civil War ilituingia kwa mlango huo. Stamford, Connecticut, vijana wa kundi la mashujaa la New Warriors wanawavamia wahalifu huku kamera za televisheni zinarekodi. Mmoja wa wahalifu hao, Nitro, anajilipua karibu na shule, na watu zaidi ya 600 wanakufa. Serikali inapitisha sheria: kila mwenye nguvu za ajabu ajiandikishe, ataje jina lake halisi, afanye kazi chini ya mamlaka. Tony Stark, yaani Iron Man, anaiunga mkono. Captain anakataa na kuingia mafichoni. Mwandishi Mark Millar hakumpendelea yeyote pale mwanzo, na ndiyo sifa kubwa ya toleo la kwanza. Kuna mama aliyefiwa na mwanawe Stamford, anamtemea Tony mate usoni siku ya ibada ya marehemu. Nilipofika ukurasa ule niliishiwa maneno ya kumtetea Captain. Rafiki yangu naye, pamoja na yote yaliyompata, alisema, "Huyu mama ana haki, sheikh."

Ndiyo maana tuliisubiri kwa hamu ile. Toleo la nne lilichelewa, ratiba yote ikasogea, na hadithi iliyopangwa kumalizika ndani ya 2006 ikamalizika Februari 2007. Katikati hapo Goliath, shujaa wa upande wa Captain, ameuawa na nakala ya Thor iliyotengenezwa maabara, Spider-Man amevua kinyago mbele ya waandishi wa habari kisha akahama upande, na wanaokataa kujiandikisha wanafungwa bila kesi gerezani Negative Zone, ulimwengu mwingine nje ya huu wetu. Kila toleo lilizidisha uzito wa swali.

Halafu likaja la saba. Vita vinahamia New York, majengo yanabomoka. Vision, shujaa wa upande wa Captain, anazima deraya ya Tony, Captain anampiga mpaka chini, ngao ameiinua amalizie. Ghafla anarukiwa. Si na mashujaa, ni polisi, zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa, watu wa kawaida waliovaa sare za kazi. Anawaomba wamwachie, hataki kuwaumiza. Wanamuuliza kama anafanya mzaha. Anatazama mtaa uliomzunguka, machozi yanamlenga. Steve McNiven aliuchora vizuri mno ukurasa ule, na siwezi kumnyima haki yake. Captain anajisalimisha. Mwenzake anamwambia mbona walikuwa wanashinda, naye anajibu kwamba walikuwa wanashinda kila kitu isipokuwa hoja.

Rafiki yangu alifunga gazeti, akaliweka juu ya jokofu, akauliza, "Sasa ile sheria ni ya haki au si ya haki?"

Nilikosa jibu, kwa sababu kitabu chenyewe hakina. Hoja ipi waliyoshindwa? Nionyesheni ukurasa ambao Captain na Tony walikaa wakajadiliana mpaka mmoja akazidiwa. Katika matoleo yote saba wanapigana, wanategeana mitego, wanapigana tena. Kilichomfanya Captain anyanyue mikono ni vifusi na majeruhi, jambo lililojulikana tangu Stamford, na pande zote mbili zilikuwa zikibomoa mji ule. Kuona umeumiza watu ni sababu ya kuacha kupigana. Haithibitishi kwamba kumfunga mtu bila kesi ni sawa. Mwisho ule ulichukua la kwanza ukalifanya jibu la la pili.

Na kinachouma zaidi, hoja zilikuwepo, ila waliziweka kwenye vitabu vingine vya Marvel vilivyosimulia vita hivyo hivyo. Kwenye The Amazing Spider-Man, toleo la 537, J. Michael Straczynski anamkalisha Captain na Peter Parker, yaani Spider-Man, na Captain anasema kwamba dunia nzima ikikuambia usogee, kazi yako ni kujikita kama mti kando ya mto wa ukweli na kuiambia isogee yenyewe. Niliisoma mara tatu nikiwa bado ndani ya basi. Halafu mtu huyu huyu, kwenye kitabu kikuu, anajisalimisha bila hata kuyakumbuka maneno yake. Aliyenunua yale saba tu hakuwahi kumsikia akijitetea.

Waandishi wenyewe hawakukubaliana ile sheria ni nini. Kitabu kimoja unaona ni mafunzo na kitambulisho cha kazi, kingine unaona ni kutumikishwa kwa lazima au jela. Reed Richards, mwanasayansi wa upande wa Tony, sababu zake zinabadilika kutegemea nani kashika kalamu: mara mjomba wake aliyeharibikiwa maisha kwa kukaidi kamati ya Bunge, mara hesabu zake za kubashiri mustakabali. Msomaji atapimaje hoja ya mtu ambaye hajui anadai nini? Na kwenye Front Line, kitabu cha pembeni cha hadithi hii, toleo la 11, Captain akiwa kizuizini mwandishi wa habari anamuuliza kama anajua MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma enzi zile, ni nini, naye anainamisha kichwa kana kwamba amepatikana na hatia. Ukurasa huo nilishindwa kuuvumilia, na sijaurudia tena.

Nilibaki na tumaini moja, nalo ni kesi. Nilijiambia mahakamani lazima ataulizwa na lazima atajibu. Wiki mbili baadaye, Machi 2007, kwenye Captain America toleo la 25 la Ed Brubaker na Steve Epting, anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama kabla hajafika mbele ya hakimu. Hadithi hiyo peke yake ni nzuri sana, na yaliyofuata kwa Bucky, mwenzake wa zamani, ni kati ya mambo bora niliyosoma Marvel. Ila ilifunga mlango wa mwisho ambao swali la Stamford lingepitia.

Kwa hiyo mdau, kama Captain angemshusha Tony kwa ile ngao na hadithi ikaishia hapo, swali la rafiki yangu lingebaki juu ya jokofu lile lile.

Mleta mada, ukitaka kuisoma sasa usianze na kuishia kwenye yale saba. Soma toleo la kwanza na la pili, kisha The Amazing Spider-Man kuanzia 529 mpaka 538 sambamba nayo, umalizie na Captain America 22 mpaka 25. Rafiki yangu alipohama Columbus nilimwambia achague anachotaka kwenye boksi langu la Civil War. Alichukua 537 tu.