Ukifunga mgahawa unaopendwa, funga ukiwa bado na fedha za kulipa watu

Mtu akiniuliza afunge lini mgahawa wake, jibu langu ni moja: funga wakati hesabu inaonesha bado unaweza kumlipa kila mtu haki yake, na miezi ijayo haioneshi hivyo tena. Usingoje friza ibaki tupu.

Mimi na mume wangu tulikuwa na mgahawa wa ghorofani pale Wete, Pemba. Meza chache, vitambaa vyeupe, chakula cha kuagiza tangu jana yake: supu ya pweza, changu wa kupaka aliyechomwa kwa makumbi, wali wa nazi, kisha kaimati na kahawa ya tangawizi. Mji ulitupenda. Kila tuliyemgusia habari ya kufunga alishtuka: "Dada, usifunge, tutakula wapi?"

Maneno hayo yanatoka moyoni, lakini yasikilize huku daftari la mauzo liko wazi mbele yako. Huyu anayekusihi amekuja mara ngapi mwaka huu? Wateja wetu wengi tuliwaona Sikukuu ya Idd na msimu wa karafuu, basi. Pemba fedha hutembea karafuu zinapochumwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inapolipa wakulima, na mikarafuu yenyewe haizai sawa kila mwaka. Ikifika masika, Machi hadi Mei, wageni wa Kigomasha na msitu wa Ngezi hukatika, ila mishahara, gesi, mafuta ya jenereta na kodi ya nyumba havikatiki. Hoteli ya wali na maharage inaweza kupika sufuria ndogo ikapita. Chakula cha heshima hakina pa kupunguza: ukibana kidogo tu, mteja anakijua kwenye tonge la kwanza.

Ukishaamua, waambie wafanyakazi kwanza, wote kwa pamoja, kabla hujamwambia hata shoga yako. Mji mdogo huu. Habari ya asubuhi iko kwenye baraza za kahawa kabla ya adhuhuri, na hakuna mfanyakazi anayestahili kuisikia huko. Sisi tuliwakalisha jikoni baada ya alasiri. Mpishi wetu mkuu, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Shangazi, hakuuliza kwa nini. Alifuta mikono kwa kanga yake, akasema, "Ramadhani itatukuta na nini, mwanangu?"

Swali lile ndilo lililopanga kila kitu kilichofuata. Tulikuwa tumekusudia kufunga mwishoni mwa Shaaban, kwa kuwa mwezi wa Ramadhani biashara ya mchana haipo. Lakini kwa mfanyakazi huo ndio wakati mzito kuliko wote: futari, nguo za watoto za Idd, na miaka hii Ramadhani inapokewa na masika, ambapo hoteli za kitalii za Nungwi na Paje, kule Unguja, haziajiri mpaka karibu na Juni. Kwa hiyo tuliweka fedha ya kuwalipa mpaka Idd ipite, na barua za kuwasifia kazi tukaziandika mapema wakaanza kuzituma. Hapo ndipo utakapojua kwa nini nasema ufunge ungali na akiba. Piga hesabu ya notisi, likizo ambazo hawakuchukua, kiinua mgongo kwa anayestahiki, na michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, isiyopelekwa. Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 isome, au nenda ofisi ya kazi ukaulize, kabla ya kikao hicho.

Baada ya wafanyakazi, wavuvi. Mvuvi aliyekuletea ngisi kwa mkopo hana mkataba wa maandishi; ana neno lako tu, na petroli ya mashine ya boti anainunua kwa fedha taslimu. Mfuate mwenyewe dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, umlipe mkononi, mbele ya wenzake. Mwenye nyumba na mkopo wa benki vina karatasi na vina nafasi ya kuzungumzwa. Mvuvi hana.

Kisha tangaza, na ujiandae kwa jambo linalowachanganya wengi: mgahawa utajaa. Kwetu wiki za mwisho watu walikaa mpaka kwenye ngazi, na usiku wa vunja jungu, karamu ya kuikaribisha Ramadhani, Shangazi aliongeza sufuria ya pili ya biriani. Ukiona hivyo moyo utakwambia uendelee. Usiusikilize. Wale wamekuja kuaga, na kuaga ni mara moja. Fedha ile ipeleke moja kwa moja kwenye fungu la wafanyakazi.

Watakuja pia watu wanaotaka kununua jina. Mimi sikuuza, na sikushauri uuze: mapishi yale ni ya Shangazi, na popote atakapoweka jiko lake ana haki ya kwenda nayo.

Mambo ya karatasi ni mafupi ila hayasameheki. Andika barua kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar na Baraza la Mji kwamba umesitisha biashara, upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, maana wasipoarifiwa watakuhesabu kuwa bado unafanya kazi. Na walioweka arubuni za shughuli za baadaye, warudishie fedha zao siku hiyo hiyo ya tangazo, kabla hawajazidai.