Mninga, paini au laminati kwa sakafu ya sebule Tabora?

SWALI: Nimejenga Ipuli, Tabora. Sebule ina mita 4 kwa 3.6, na jamvi la zege la sentimita 10 lina miezi miwili tangu limwagwe. Fundi mmoja ananishauri mninga, mwingine paini kwa kuwa ni nafuu, na dukani wananionyesha laminati. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua mninga, lakini usiharakishe kuulaza. Zege hukauka polepole, kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5, hivyo jamvi lako bado lina maji. Lipime: tandaza nailoni nzito ya mita 1 kwa 1, ziba kingo zote kwa selotepu, iache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au saruji imegeuka rangi, subiri.

Paini ni laini. Miguu ya viti itaacha mashimo, na mchwa wanaipenda. Iache kwa dari. Laminati ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na kufunikwa picha ya mbao. Ya milimita 8 yenye alama AC4 (kiwango cha kustahimili kuchakaa) inafaa chumbani, ila maji yakiingia kwenye maungio huvimba na hairudi tena. Haikwanguliwi kama mbao halisi, na mchwa huila pia.

Mninga husinyaa kidogo, na kiini chake chekundu hustahimili mchwa. Kataa ubao wenye ukingo mweupe, hata ukipunguziwa bei: hapo ndipo bungua huingia. Mwombe muuzaji hati ya kusafirishia ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kwa mbao za inchi 1 kwa 4 zilizorandwa na kuchongwa ulimi wa kuingiliana, kila moja itafunika milimita 85 hivi. Eneo lako ni mita za mraba 14.4, ukiongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, unahitaji mita 186 hivi, yaani mbao 51 za futi 12.

Kosa kubwa ni mbao mbichi. Ukizilaza Machi, ifikapo Agosti utaona nyufa kati ya ubao na ubao. Zipange kivulini, fito katikati, kisha pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ziingize sebuleni zikae wiki mbili kabla ya kazi.

Tandaza nailoni juu ya jamvi, laza papi za inchi 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, zikiachana sentimita 40, kisha pigilia mbao. Acha milimita 12 ukutani pande zote, skatingi, ubao wa chini ya ukuta, itaficha. Bila nafasi hiyo, mvua za Novemba zikianza mbao hutanuka, hukosa pa kwenda na kuinuka katikati.

Sakafu itapanda sentimita 7. Pima milango sasa, kabla fundi hajafunga fremu.