Maswali ya wasomaji: Raundi ya pili tu, shangwe zote zile za nini?

SWALI: Kaka wa michezo, shikamoo. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu ila mume wangu hasikii wala haoni kwa tenisi, juzi kanionyesha klipu ya Mwingereza Jack Draper anamtoa Mhispania Carlos Alcaraz kwenye mashindano ya nyasi ya Queen's, London, Juni 2024, watu wamesimama wanapiga kelele wanakumbatiana na wasiowajua, nikajua kijana kabeba kombe, kumbe ilikuwa raundi ya pili tu na kombe lenyewe hakulibeba. Sasa walikuwa wanashangilia nini hasa?
Mama wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mama, na msalimie shemeji, hiyo klipu kachagua vizuri sana.

Anza na aliyepigwa. Alcaraz wakati ule alikuwa namba mbili wa dunia, tarehe 9 Juni katoka kuchukua Roland Garros, yaani French Open, tarehe 20 ndo anakutana na Draper, na pale Queen's yeye ndo alikuwa bingwa mtetezi. Kwenye nyasi alikuwa kashinda mechi 13 mfululizo, humo ndani kuna Queen's ya 2023 yote na Wimbledon ya 2023 yote, ile aliyomfunga Djokovic fainali. Mtu kama huyo kwenye nyasi watu walikuwa wanaomba angalau wamnyang'anye seti moja, Draper kamfunga mbili bila, 7-6 na 6-3, ile taibreka, yaani gemu la kuamua seti ikifika 6-6, kaichukua 7-3.

Na huyu Draper mwenyewe walikuwa wanamsubiri. Dogo wa Sutton, kusini mwa London, miaka 22, anacheza mkono wa kushoto na sevu yake, ule mpira wa kuanzisha pointi, ni nzito kweli, lakini mwaka 2023 bega lilimsumbua mpaka akakosa msimu mzima wa nyasi ikiwemo Wimbledon. Watu wakawa wanasema kipaji kipo ila mwili haumruhusu. Halafu Jumapili ya wiki hiyohiyo kachukua kombe lake la kwanza la ATP, yaani ligi kuu ya wanaume wa kulipwa, kule Stuttgart kwa kumfunga Berrettini, Jumatatu orodha mpya imetoka yeye ndo namba moja wa Uingereza, Alhamisi anamtoa Alcaraz. Wiki moja hiyo mama.

Ila kwangu mimi kubwa kuliko yote ni lililotokea jana yake, na hilo kwenye klipu huwezi kuliona. Jumatano uwanja uleule Andy Murray, nyota mkongwe wa Uingereza, aliingia kucheza na Jordan Thompson, mgongo ukakataa, akacheza gemu tano tu akatoka. Murray pale Queen's kachukua kombe mara tano, hakuna mwingine aliyefika hapo, na ndiye aliyebeba Wimbledon 2013 baada ya wanaume wa Uingereza kukaa miaka 77 bila, toka Fred Perry 1936. Kila mtu alikuwa anajua anaelekea kustaafu na kweli Agosti ileile baada ya Olimpiki ya Paris akaacha. Kwa hiyo watu wamelala na huzuni ya mzee wao, kesho yake asubuhi wanarudi uwanjani na roho nzito, mchana kijana anamtoa bingwa wa Wimbledon mbele ya macho yao, wewe ungekaa kimya? Mimi nisingeweza.

Tena hawa watu wana historia ya kushangilia mechi moja kama mechi moja. Mwaka 1996 Tim Henman, miaka 21, alimtoa Kafelnikov Wimbledon raundi ya kwanza, Kafelnikov akiwa ndo kwanza katoka kubeba French Open, na Henman aliokoa pointi mbili za mechi kwenye seti ya tano, yaani mara mbili mpinzani alibakiza pointi moja tu kushinda. Mwaka uliofuata pale Wimbledon watu wakaanza kujaa kwenye kilima chenye skrini kubwa kumtazama, kikaitwa kilima cha Henman mpaka leo. Henman huyo kafika nusu fainali Wimbledon mara nne na hakuwahi kuibeba, kilima bado kina jina lake. Ndo mashabiki wenyewe hao.

Na ndiyo, kesho yake Draper akafungwa na Tommy Paul. Lakini Septemba alikuwa nusu fainali ya US Open, na Machi 2025 kule Indian Wells akamtoa Alcaraz tena nusu fainali halafu akabeba kombe. Waliokuwa Queen's siku ile waliliona mapema.

SWALI: Tumebishana na dada yangu, yeye anasema Mwingereza Emma Raducanu kabeba US Open kwa hiyo alishampiga mchezaji wa kumi bora duniani zamani, mimi nasema hapana. Nani kashinda?
Msomaji, Leicester

JIBU: Wewe. US Open 2021 Raducanu alitokea kwenye mchujo, mechi 10 bila kupoteza seti hata moja, maajabu matupu, ila hakukutana na wa kumi bora, Bencic wa robo fainali ndo alikuwa karibu zaidi, namba 12. Wa kwanza kumpiga ni Jessica Pegula, namba tano, pale Eastbourne Juni 2024, siku chache tu baada ya hii ya Draper, 4-6, 7-6, 7-5 na aliokoa pointi ya mechi. Mwambie dada asikasirike, wengi wanachanganya.

SWALI: Na sisi huku lini?
Shabiki, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu mbona tumeshaanza. Julai 2022 Angella Okutoyi alibeba dabo (wawili kwa wawili) ya wasichana Wimbledon akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, Mkenya wa kwanza kubeba kombe la grand slam, yale mashindano manne makubwa, upande wa vijana, na ile fainali waliishinda kwa mbinde, ile taibreka ya mwisho 11-9. Sasa angalia waliofungwa siku ile walikuwa kina nani: mmoja ni Victoria Mboko, Mkanada ambaye wazazi wake ni wa Congo. Agosti 2025 Mboko huyohuyo, miaka 18, kamtoa Coco Gauff kule Montreal, kamfunga Naomi Osaka fainali, kabeba kombe nyumbani kwao na uwanja mzima ukalipuka.

Okutoyi bado anacheza, na 2024 alileta dhahabu kutoka michezo ya Afrika kule Accra. Akicheza Nairobi nenda, kaa jukwaani, nyamaza pointi ikiwa inachezwa, ikiisha piga kelele zako zote.