Matone ya vimeng'enya kwa mtoto anayenyonya: ununue au uache?

Chupa za matone ya "tumbo la mtoto" zinafanana sana, ziwe kwenye rafu ya famasi ya Chumbageni, mtaa wa hapa Tanga, au kwenye picha za wauzaji wa WhatsApp. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Kimeng'enya ni protini inayovunjavunja chakula tumboni. Ukikuta simetikoni, hicho si kimeng'enya: kazi yake ni kupasua mapovu ya gesi tu. Ukikuta laktasi, hicho ndicho kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Ukikuta mchanganyiko wenye papaini ya papai au bromelaini ya nanasi, hiyo ni bidhaa ya watu wazima, irudishe. Na chochote chenye asali hakimfai mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban gramu 7 za laktosi, kuzidi ya ng'ombe. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na laktasi ya kutosha kwenye ukuta wa utumbo. Maziwa yenyewe huja na amilasi, kimeng'enya cha wanga, pamoja na lipasi, kimeng'enya cha mafuta kinachoanza kazi kikikutana na nyongo tumboni. Ndiyo maana mama anayekamua kabla ya kwenda kazini hapaswi kuyachemsha: moto unaviua vimeng'enya hivyo. Kikombe kikae ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, basi.

Kuzaliwa bila laktasi kupo, ila ni nadra mno na hakujifichi. Mtoto huharisha maji tangu siku za mwanzo na uzito unaporomoka. Kwa hiyo fungua kadi ya kliniki kabla ya kufungua pochi. Mtoto wa miezi miwili anayeongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki na kukojoa mara sita au zaidi kwa siku anameng'enya maziwa yake vizuri, hata akilia kila magharibi.

Kinachowachanganya wazazi wengi ni choo cha kijani chenye povu, upepo mwingi, na makalio yaliyobabuka. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya huwa na mafuta machache, hivyo hupita tumboni haraka. Yakiingia mengi kwa mkupuo, laktosi inaizidi laktasi iliyopo, inateremka hadi utumbo mpana, na bakteria wanaichachusha. Gesi na asidi zinatoka hapo. Sababu kubwa ni kumhamisha mtoto titi kwa kufuata saa: dakika kumi huku, dakika kumi kule. Mwache amalize titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili akilitaka.

Kama maziwa yanafurika, mtoto anapaliwa na kukohoa kila akianza, mpe titi lilelile kwa minyonyo miwili inayofuatana ndani ya saa tatu hivi. La upande wa pili kamua kidogo tu, kiasi cha kupunguza mkazo. Ukilikamua lote unaliagiza litengeneze mengine. Njia hii isitumike kwa mtoto ambaye uzito haupandi, kwa sababu inapunguza maziwa.

Angalia pia anavyoshika. Mdomo uwe wazi kweli, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Akiwa anatoa mlio wa kugonga ulimi, anameza hewa. Mtoe kwa kuingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, uanze upya. Muuguzi wa kliniki anaweza kukurekebisha palepale, na huhitaji kununua kitu.

Lawama nyingi huangukia chakula cha mzazi. Uji wa pilipili manga na supu ya pweza vinasingiziwa bure mara nyingi. Kuacha chai ya maziwa hakupunguzi laktosi ya titi hata kidogo, kwa sababu titi hutengeneza laktosi yake lenyewe. Maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama huweza kumsumbua mtoto kwa protini yake, na huo ni mzio: damu au kamasi kwenye choo, ukurutu, kutapika sana. Hapo laktasi haisaidii. Mama huacha maziwa yote, mtindi na samli vikiwemo, kwa wiki mbili hadi nne chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, kisha huyarudisha kuhakikisha.

Baada ya kuharisha, ukuta wa utumbo huwa umechubuka na laktasi hupungua kwa muda. Endelea kunyonyesha, mpe ORS, na zinki: kwa mtoto wa chini ya miezi sita ni nusu ya kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kikayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa yaliyokamuliwa.

Sasa kile kilio ambacho bibi anakiita mchango. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hufika kilele karibu na wiki ya sita, na kwa wengi huisha kati ya miezi mitatu na minne. Kwa hiyo chochote utakachoanzisha wiki ya saba kitaonekana kimefanya kazi, na wauzaji wananufaika na hilo wajue wasijue. Tafiti za laktasi kwa kilio hiki zinapingana. Ukitaka kujaribu, zungumza kwanza na daktari au mfamasia, ujaribu wiki moja, kila anaponyonya, bila kubadilisha kitu kingine.

Kamua vijiko viwili vya maziwa ya mwanzo kwenye kikombe kilichochemshwa. Tia matone kwa idadi ya kibandiko cha chupa yako. Nguvu hutofautiana, usinakili hesabu ya jirani. Subiri dakika zilizoandikwa, mpe kwa kijiko, kisha mnyonyeshe. Maziwa yasiwe ya moto, kwa maana kimeng'enya ni protini na moto unakiua. Yakibaki, mwaga. Andika saa za kilio kwenye daftari, na wiki ikiisha bila tofauti ya wazi, acha.

Joto la kaskazi ni tatizo jingine. Matone mengi yanataka friji au chini ya nyuzi 25, na chumba cha bati hapa Tanga kinavuka 30 kabla ya adhuhuri. Chupa iliyosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar inaweza kuwa imekufa kabla hujaifungua. Muulize muuzaji ilihifadhiwa wapi.

Homa, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo gumu, au kukataa titi si mambo ya matone: mpeleke kituo cha afya au hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Vimeng'enya vya kongosho ni habari nyingine kabisa. Hupewa watoto ambao kongosho lao halifanyi kazi, kwa mfano kwenye ugonjwa wa kurithi wa saistiki faibrosisi, wenye choo kingi cha mafuta na uzito usiopanda. Daktari ndiye hupanga dozi, na ikizidi sana huumiza utumbo mpana. Chembe zake zikibaki mdomoni huchubua fizi za mtoto na chuchu ya mama, hivyo mfute mdomo kila baada ya dozi. Nyingi hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Familia ya Kiislamu imwambie daktari mapema na imuulize shehe wake kabla dawa haijaandikwa.